Mwambatano na Masimulizi: Kutoka Vijiji vya Buganda hadi Milima ya Bugarama

Huku kwetu kwenye ufuko wa Tanganyika, mtoto asiyekubali kushikwa na mtu mwingine ila mama yake husemwa kuwa "amemganda mamake". Nyumbani neno hilo latosha. Lakini mwalimu anayetaka kuwafafanulia wanachuo yale yaliyoandikwa na wataalamu wa saikolojia juu ya jambo hilo tangu miaka ya 1950, ataona mara moja kwamba "kuganda" lina lawama ndani yake, "mazoea" ni jepesi mno, na "upendo" ni pana kiasi cha kumeza kila kitu. Katika makala haya nimetumia neno "mwambatano". Kitu kilichoambatana na kingine chaweza kubanduka, na kikibanduka huacha alama pande zote mbili. Mwenzangu aliye na neno bora na alilete, nitalipokea kwa furaha.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria semina ya walimu ambamo mgeni mmoja alituchorea ubaoni makundi matatu ya watoto: waliotulia katika mwambatano wao, wanaomwepa mlezi, na wanaomng'ang'ania kwa wasiwasi. Kisha akatuambia kwamba mtu huingia kundi lake kabla hajatimiza miaka miwili, naye hubaki humo maisha yake yote: katika urafiki, katika ndoa, na hata katika malezi ya wanawe. Aliongeza, kwa huruma ya kweli, kwamba sehemu iliyoona ukimbizi mwingi kama yetu haina budi kuwa na watu wengi wa makundi mawili ya mwisho. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma. Mama yangu alitenganishwa na mama yake mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka tisa. Nami nilizaliwa ukimbizini mwaka 1981. Nikaanza kuhesabu. Kama kundi huthibitika kabla ya miaka miwili, basi mama yangu alikuwa salama, maana miaka hiyo miwili aliimaliza mgongoni mwa mama yake hapa Bugarama. Lakini mama niliyemjua mimi hakuwa wa kundi la kwanza hata kidogo. Hesabu ilikataa. Ndipo nikatafuta habari hizi zilikoanzia, nikakuta zilianza karibu na kwetu kuliko alivyotueleza mgeni wetu.

Anayehesabiwa kuwa baba wa fikra hizi ni daktari Mwingereza, John Bowlby, aliyeishi kati ya mwaka 1907 na 1990. Alizaliwa katika nyumba ya daktari wa upasuaji mjini London na, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa tabaka lake, alilelewa zaidi na yaya kuliko na mama mzazi. Yaya huyo aliondoka yeye akiwa na umri wa karibu miaka minne, na ukubwani aliufananisha msiba ule na kufiwa na mama. Mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani taarifa juu ya hali ya watoto waliokosa makwao baada ya vita vya pili vya dunia. Alidai kwamba mtoto anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama yake, au na mtu anayeshika mahali pa mama kwa kudumu. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo husahauliwa sana, na yule mgeni wetu wa semina hakuitaja.

Miongoni mwa waliofanya kazi na Bowlby mjini London alikuwamo mwanamke mmoja, Mary Ainsworth, aliyezaliwa Marekani mwaka 1913 na kukulia Toronto, Kanada. Mwaka 1954 mumewe alipata kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Jamii ya Afrika ya Mashariki, Kampala, naye akamfuata. Hakuitwa na mtu kuja kuchunguza chochote. Alikuja kama wake wengi wa maofisa walivyokuja, kisha akajitafutia kazi.

Kazi aliyoikusudia kwanza ilihusu desturi moja ya Waganda, ya kumwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa bibi yake akae huko kwa muda. Hapo, alidhani, ataona kwa macho yake mtoto anavyotengana na mama na yale yanayofuata. Lakini alipofika vijijini aliikuta desturi yenyewe imekwisha kulegea, na watoto wengi hawapelekwi popote. Mtafiti akabaki na watoto bila ya swali. Nadhani hiyo ndiyo heri iliyompata. Kwa kuwa hakuwa na jambo la kuthibitisha, ilimbidi atazame.

Basi akapata familia 26 zenye watoto wachanga 28 katika vijiji vilivyo kiasi cha kilometa 25 kutoka Kampala. Kwa muda wa miezi tisa hivi alizitembelea nyumba hizo kila baada ya wiki mbili. Huketi na mama mwenye nyumba saa mbili nzima, na pamoja naye mkalimani, mwanamke wa Kiganda, maana mgeni alikuwa bado anajifunza lugha. Yafaa tukumbuke hali ya nchi wakati ule. Tarehe 30 Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen alikuwa amemfukuza Kabaka Mutesa wa Pili na kumpeleka Uingereza, na Kabaka hakurudi hadi Oktoba 1955. Bibi wa Kizungu aliyeuliza mwaka 1954 watoto wa Kiganda hulia wakati gani, aliuliza ndani ya nyumba ambazo wakubwa wenyewe walikuwa wakimlilia mtu aliyeondolewa bila ya kuaga. Kwamba alikaribishwa, akapewa mkeka na majibu, ni sifa ya wenyeji wake.

Aliyoyaona ni mambo ambayo kila mama wa Bugarama angeweza kumweleza, lakini hakuna aliyekuwa ameyaandika kwa utaratibu huo. Aliona mtoto anayetambaa akimwacha mama, akienda mlangoni kumtazama kuku, akigeuka kuangalia kama mama yupo, akirudi kumshika goti, kisha akiondoka tena. Kwa mtoto yule mama alikuwa kama gati: mashua huthubutu kwenda mbali kwa sababu gati halihami. Aliona pia watoto waliolia sana hata mama akiwa karibu, na wengine ambao hawakuonyesha kwamba mama ana tofauti na jirani. Katika hesabu yake, watoto 16 walikuwa na mwambatano tulivu, 7 walikuwa na mwambatano wenye mashaka, na 5 walikuwa bado hawajaambatana. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967.

Lakini jambo lililonifanya niketi wima nilipolisoma si hesabu hiyo. Ainsworth alijiuliza ni nini kinachowatofautisha mama wa watoto watulivu na wale wengine. Wingi wa watu waliosaidia kulea haukuwa sababu ya mtoto kukosa utulivu. Kilichoonekana ni kwamba mama wa watoto watulivu walizisoma upesi ishara za watoto wao na kuzijibu, na kwamba walifurahia kunyonyesha. Tena walikuwa wasimulizi wazuri. Ukimwuliza mama wa namna hiyo habari za mwanawe, hakusema "hajambo" akanyamaza. Alieleza jinsi alivyolala, alichokataa kula, sauti anayoitoa akitaka kubebwa, na jinsi ilivyo tofauti na sauti ya njaa. Yaani mkalimani alikuwa na kazi. Kwa mama wengine maneno yalikuwa machache, ama yalihusu mambo mengine. Sisi walimu wa lugha hutazama masimulizi kama somo la darasa la tano. Huko Buganda yalikuwa dalili ya kwanza ya mahali mtoto alipo ndani ya moyo wa mzazi.

Baada ya Uganda, Ainsworth alikwenda Baltimore, Marekani, akarudia kazi ileile kwa familia nyingine 26. Watoto wa huko, waliozoea mama anayeingia na kutoka, hawakulia nyumbani kwa wepesi kama wale wa Buganda. Hivyo akabuni jaribio la kiasi cha dakika 20: chumba kigeni, midoli, mtu asiyejulikana, mama anatoka, mama anarudi. Humo ndimo yalimozaliwa yale makundi matatu ya ubaoni, na kitabu alichokiandika na wenzake juu yake, cha mwaka 1978, ndicho kilichosambaa duniani. Watu walilishika jaribio la dakika 20 wakaisahau miezi tisa ya mkekani. Ilipofika mwaka 1988, wataalamu wawili wa Uholanzi walikusanya matokeo ya jaribio hilo kutoka nchi nane, karibu watoto 2,000 kwa jumla. Waliona kwamba tofauti baina ya watoto wa nchi moja ni kubwa kuliko tofauti baina ya nchi na nchi. Miongoni mwa nchi hizo nane haikuwamo hata moja ya Afrika. Mti uliooteshwa Buganda ukawa unahesabiwa matunda bila ya kumwuliza mwenye shamba.

Si kwamba hapakuwa na kazi huku. Mwaka 1986 zilichapishwa habari za watoto wa Wagusii wa Kenya, ambao huachwa mchana na dada au ndugu mdogo anayewabeba wakati mama yuko shambani. Watoto hao waliambatana na mama, na waliambatana pia na yule mlezi mdogo. Tena, kwa kuwa Wagusii husalimia watoto wao kwa mkono badala ya kuwakumbatia, mtoto mtulivu hakumrukia mama anaporudi. Alinyoosha mkono. Mtazamaji asiyeijua desturi angemwandika katika kundi la wenye kuepa, na angekosea.

Habari za watu wazima zilikuja baadaye. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver walitoa maswali katika gazeti moja la Denver, Marekani, wakiwaomba wasomaji waeleze jinsi wanavyopenda: je, wanaona raha kumtegemea mwenzao, au hujitenga anaposogea, au huogopa kila siku kwamba ataondoka? Waliojibu waligawanyika takriban kama watoto wa Baltimore walivyogawanyika, zaidi ya nusu wakiwa watulivu. Tangu hapo makundi yale yamekuwa kama nyota za kuzaliwa. Vijana huulizana kundi gani kabla ya kuchumbiana. Hata hivyo, mwaka 2000 zilitolewa habari za watoto waliojaribiwa wakiwa na mwaka mmoja na kutafutwa tena miaka 20 baadaye. Katika vijana 50 waliopatikana, 72 kwa mia walikuwa upande uleule, ama wa utulivu ama wa mashaka. Wengine walikuwa wamehama, na waliohama aghalabu ni wale waliokutwa na mambo mazito: kufiwa na mzazi, wazazi kuachana, ugonjwa mkubwa. Basi kundi si chapa. Ni njia ambayo mtu huendelea nayo mpaka jambo limtoe, na watoto wale wa Marekani hawakuwa wameona vita.

Kwa maoni yangu kazi nzito kuliko zote ni ile ya Mary Main na wenzake wa Berkeley, California, iliyotoka mwaka 1985. Hao hawakumwuliza mtu mzima anavyopenda. Walimtaka asimulie utoto wake. Mtu hutakiwa atoe maneno matano ya kumweleza mama yake, na kwa kila neno atoe kumbukumbu. Akisema "mama alikuwa mpole", huombwa: tupe siku moja aliyokuwa mpole. Wako watu ambao hawana siku. Wana sifa tu, "mama mwema sana", na wakihimizwa hukasirika au husema wamesahau. Wako wengine wanaoanza siku moja wakaishia ndani ya siku ishirini, wakilia na kugomba kana kwamba jambo linatendeka sasa. Na wako wanaosimulia kwa utaratibu, chungu na tamu kila moja mahali pake, msikilizaji akaelewa. Hao wa mwisho ndio ambao watoto wao aghalabu huwa watulivu. Miongoni mwao wamo waliopata utoto mgumu kabisa. Huitwa watu walioupata utulivu kwa kuuchuma. Mwalimu aliyewahi kusahihisha insha ya "Siku Nisiyoisahau" anajua bila ya kufundishwa tofauti ya wanafunzi hao watatu.

Sasa nirudi kwetu. Bugarama ninayoisema si ile ya Muramvya, kwenye njia panda ya soko la mboga, bali hii iliyo kwenye milima inayoshuka ziwani kaskazini ya Rumonge. Mji wa Rumonge uko kiasi cha kilometa 75 kutoka Bujumbura. Ni mji wa mawese, samaki na Kiswahili, na mtu wa milimani hushuka huko kutafuta vyote vitatu.

Mapema mwaka 1972 bibi yangu alimpeleka mama kwa mjomba, huko chini ufukoni, akambebee mtoto mchanga aliyezaliwa. Alikuwa mlezi mdogo, kama wale wa Wagusii. Tarehe 29 Aprili mwaka huo waasi walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakaua watu, wengi wao Watutsi. Serikali ya Micombero ilijibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima kwa muda wa miezi kadhaa, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Waliouawa ni makumi ya maelfu kwa hesabu ndogo, na wengi huhesabu zaidi ya 100,000. Kiasi cha watu 150,000 walikimbia, wengi wao Tanzania. Mjomba aliwatia watu wake katika mtumbwi usiku. Mama alivuka akiwa na mtoto wa mjomba mgongoni. Kutoka Kigoma walipelekwa bara, na mwaka 1973 walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufyeka msitu wa Katumba, Mpanda, ambako nilizaliwa mimi.

Bibi Liisa Malkki, aliyeishi na wakimbizi wa Mishamo na Kigoma mwaka 1985 na 1986, ameandika kwamba katika makazi yale kila mtu aliweza kuisimulia historia ya 1972, tena karibu kwa mpango uleule mmoja. Ndivyo ilivyokuwa Katumba pia. Nikiwa na miaka kumi ningeweza kuwatajia miezi, barabara na malori. Lakini ilikuwa historia ya taifa. Juu ya mama yake mwenyewe, mama yangu hakuwa na siku hata moja. Nilipouliza bibi ni mtu wa namna gani, alijibu: "Mtu mzuri." Basi. Kila jioni alisikiliza redio, ile idhaa ya BBC ya Maziwa Makuu iliyoanza mwaka 1994 kwa jina la Gahuzamiryango, yaani "kiunganisha familia", iliyokuwa ikisoma majina ya watu wanaotafutana. Hakutuambia anasikiliza nini. Majina yakiisha alizima redio kabla ya muziki.

Na hakuaga. Hilo ndilo tulilomjua nalo. Akienda shambani au sokoni, alingoja tuzame katika mchezo, akatoweka. "Nikiaga watalia," alisema. Akirudi akatukuta tumelia, alitupa chakula akitazama pembeni. Nilipolazwa kwa malaria alileta uji kila siku, akauweka mezani na kusimama karibu na mlango mpaka nimalize. Sikuwahi kudhani kwamba hanipendi. Nilidhani kwamba mapenzi ni jambo la kufanywa haraka, mtu amesimama. Nilipooa nilifanya vivyo hivyo. Nilitoka alfajiri bila ya neno na kurudi usiku bila ya habari, nikiamini kwamba mradi fedha ya matumizi ipo mezani, nimetimiza wajibu. Mwaka wa pili mke wangu aliniuliza: "Mwenzangu, umeoa au umepanga chumba?"

Mwaka 2007 serikali ya Tanzania iliwapa wakimbizi wa 1972 hiari ya kuomba uraia au kurudi. Zaidi ya 160,000 walichagua uraia, na zaidi ya 50,000 walirudi Burundi, wengi katika miaka ya 2008 na 2009, na wengi wao hapahapa Rumonge na Nyanza-Lac. Ugomvi wa mashamba uliofuata unajulikana, na tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilijaa mafaili yake. Sisi tulipona kwa kuwa kipande cha bibi, huko milimani, hakikuwa kimeshikwa na mtu. Mimi nilipona mara mbili: Kifaransa sikuwa nacho, lakini Kiswahili kilikuwa kimeingizwa shuleni miaka hiyohiyo, nikapata kazi.

Siku tuliyofika bibi alikuwa na miaka kama 65, na mama 45. Bibi alimkumbatia mwanawe kama Warundi tunavyokumbatiana, kwa muda mrefu, akiita "Amahoro, amahoro." Mikono ya mama ilikaa chini. Kisha akajitoa, akampa mkono kama mgeni wa heshima, akauliza mahali pa kuteka maji. Majirani waliona vibaya. Kwa miezi mingi walikaa hivyo, mama akipika na kufagia, bibi akitazama. Hata maneno hayakukutana: mama aliita "dagaa", bibi akaita "ndagala"; mama aliita "mgebuka", bibi "mukeke"; samaki walewale wa ziwa lilelile.

Aliyeanza ni bibi. Siku moja, wakichambua maharage, alisema bila ya kuulizwa: "Siku ile sikukuaga." Akaeleza. Alimfikisha kwa mjomba, akala, akangoja mtoto atumwe kuteka maji ziwani, ndipo akaondoka kupanda mlima. "Niliona utalia, na mimi nisingeweza kuondoka." Mama hakuinua uso. Alichambua mpaka ungo ukaisha, kisha akasema: "Nililia vilevile."

Hayo tu kwa siku hiyo. Lakini wiki iliyofuata bibi aliirudia siku ile, na safari hii mama alimsahihisha: hakutumwa na ndoo, alitumwa na kibuyu. Mwezi mwingine akaongeza mwenyewe kwamba aliporudi na maji alizunguka nyumba mara mbili akidhani mama amejificha kwa mchezo. Kwa miaka minane, hadi bibi alipofariki mwaka 2016, siku ile moja ilisimuliwa mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na kila mara ilirefuka upande wa mbele na upande wa nyuma. Ilipata asubuhi yake, njia yake, nguo aliyovaa bibi, na mwishowe usiku wa mtumbwi, ambao bibi hakuwa akiujua na mama hakuwa amemwambia mtu. Mimi nilikuwa nikisahihisha madaftari pembeni. Nilikuwa bado sijasoma habari za Berkeley, lakini nilijua kwamba nasikia mtu akipata siku.

Sitaki wasomaji wadhani kwamba nasema kusimulia ni dawa ya kila mtu. Jirani mmoja aliyerudi pamoja nasi alisimulia sana, kwa kila aliyepita, na kila alivyosimulia ndivyo alivyozidi kuwaka, mpaka akavuka tena kwenda Tanzania. Yeye hakumkuta mtu wa kumwambia "haikuwa ndoo, ilikuwa kibuyu". Waliokuwamo katika siku yake wote walikuwa wamekufa. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, imeandika ushahidi mwingi na kufukua makaburi ya pamoja, kazi iliyo haki na ya lazima. Lakini karani wa tume huandika usemayo; hawezi kukusahihisha kibuyu. Wala sisemi kwamba mama amekuwa mtu mwingine. Hata leo akisalimiwa kwa kukumbatiwa hukakamaa kidogo kwanza. Ninachokataa ni ubao wa yule mgeni. Mtoto wa 1963 aliyebebwa vizuri alibadilika akiwa na miaka tisa, akabadilika tena alipopita arobaini na tano, na mabadiliko yote mawili yalitokana na yaleyale ambayo Ainsworth aliyaandika mkekani: kuwapo kwa mtu, na kusemwa kwa jambo.

Mwanangu wa mwisho alizaliwa mwaka wa pili baada ya mazishi ya bibi. Mama ndiye aliyemlea mchana, maana sote wawili tunafundisha. Tangu mtoto yule hajajua kusema, mama alianza kufanya jambo ambalo sikuwahi kuliona Katumba. Akitaka kwenda mahali, husimama mbele yake, hata kama mtoto amezama katika mchezo, akasema: "Nashuka Rumonge kununua mawese. Nitarudi jua likiwa pale." Huonyesha kwa kidole juu ya mgomba. Miezi ya mwanzo mtoto alilia, na mama alingoja alie, akarudia maneno yaleyale, ndipo akaondoka. Mimi nami nilianza kuaga, kwa aibu kidogo, na mke wangu hunijibu kila siku kwamba chumba chake kimepata mpangaji mwenye adabu. Mtoto ana miaka saba sasa. Juzi mama alimwambia anashuka Rumonge, akamwonyesha jua litakapokuwa. Mtoto alikuwa akitengeneza gari la waya. Alisema "Haya, bibi," wala hakuinua kichwa.